Akikwambia "Vaa Leotadi au Utoke", Muulize: Sheria Gani?

Dada yangu, wangapi wameacha jimnastiki kwa sababu ya ile leotadi inayoacha mapaja wazi? Kabla hujaacha, hebu jua sheria.

Aprili 2021, mjini Basel, Uswisi, Sarah Voss wa Ujerumani alishindana na vazi lililomfunika hadi vifundo vya miguu. Miezi michache baadaye timu yao ikavaa hivyo hivyo kwenye Olimpiki ya Tokyo. Hawakuvunja sheria. Kumbe ilikuwa inaruhusu kitambo, ni mazoea tu yaliyotufunga.

Lakini tusidanganyane. Si kila vazi la stara ni salama. Nguo pana itanasa kwenye vyuma, na pini ya hijabu itakuchoma ukipinduka. Vaa kitambaa kinachovutika na kushika mwili, hijabu ya kuvaa bila pini, na urembo wa kumetameta usiwe mahali mikono inaposhika.

Ndiyo, vazi la kubana hufunika ngozi, halifichi umbo. Basi ombeni pia saa za wasichana peke yao, na mwalimu wa kike.

Usalama ni haki yako. Stara pia ni haki yako. Usikubali kuchaguzwa.