Tahariri: Mchango wa Watoto Walio Mbali



Mkoa wetu wa Ruvuma umezoea tangu zamani kuwa na watoto walio mbali. Wakati wa utawala wa Mwingereza, maelfu ya vijana wa Kingoni na Kindendeuli walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba. Kuanzia mwaka 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuwaandikisha na kuwasafirisha, SILABU, jina ambalo wazee wangali wanalikumbuka. Waliorudi walileta nguo, mablanketi, na fedha ya kodi na ya mahari. Wengine hawakurudi. Waliobaki, na hasa akina mama, ndio waliolima na kulisha nyumba miaka yote hiyo, ingawa simulizi za ukoo huwataja kwa nadra.

Siku hizi watoto wetu wako Dar es Salaam, Mwanza, Ulaya na Marekani. Wana vyama vyao vya maendeleo ya nyumbani, nao huchanga kwa ajili ya madarasa, zahanati, makanisa na misiba. Twawashukuru kwa dhati. Hata hivyo kuna jambo ambalo yatupasa kulisema. Mara nyingi kamati hukutana mjini, huchora ramani na kumchagua fundi. Kijiji huletewa taarifa tu kwamba kisombe mchanga na maji. Jina la aliyetoa fedha huandikwa ukutani, la aliyesomba mchanga halionekani popote. Kisha jengo hukamilika bila muuguzi wala dawa, kwa sababu hakuna aliyeiuliza mapema Halmashauri ya Wilaya kama ina watumishi wa kupeleka.

Tutazame nchi ya Haiti, ambayo watu wake wametawanyika New York, Miami na Montréal. Mwaka 1991 Rais Jean-Bertrand Aristide, aliyekuwa padre Msalesiani, aliwaita hao walio nje mkoa wa kumi wa nchi, maana wakati huo Haiti ilikuwa na mikoa tisa. Vyama vyao vya watu watokao mji mmoja vimejenga shule na zahanati nyingi, na fedha wanazotuma kwa ndugu zao zimefikia takriban moja ya tano ya pato la taifa. Ni sadaka kubwa ya watu ambao wengi wao hufanya kazi za jasho. Lakini ushuru wa mchele kutoka nje uliposhushwa hadi asilimia 3 mwaka 1995, mchele wa Marekani ulijaa masokoni na wakulima wa bonde la Artibonite wakaumia. Mtoto alituma dola kutoka Miami, mama akanunua mchele wa Marekani, na dola ikarudi ilikotoka. Upendo wa mtoto ulikuwa wa kweli, lakini haukuweza kuziba pengo la sera mbaya ya soko. Nasi tulio mkoa wa mahindi tujiulize kama fedha tunazoletewa zinampa mkulima bei nzuri zaidi, au zinapita tu kwenda kununua saruji na bati.

Wapo wanaosema kwamba anayelipa ndiye mwenye kuchagua. Hatukubali. Hapa kwetu, kuanzia mwaka 1960, vijana wachache walianzisha kijiji cha Litowa, na kutokana nacho kikakua Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, chenye vijiji zaidi ya kumi. Walikuwa na kinu cha kusaga unga na kiwanda cha kupasua mbao. Marafiki wa ng'ambo walikuwapo, naye Mwingereza Ralph Ibbott alikuwa mshauri wao, lakini mkutano wa wanakijiji ndio uliopanga kazi na kugawa mapato. Chama hicho kilivunjwa kwa amri ya Kamati Kuu ya TANU mwezi Septemba 1969. Hakikuvunjwa kwa kushindwa kujiendesha. Wakulima waliojiamulia mambo yao waliwatia wakubwa wasiwasi. (Na hili lilitokea miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha kukataa kwamba fedha ndiyo msingi wa maendeleo!)

Suala hili sasa linagusa na ardhi. Mwaka 2025 Bunge letu lilipitisha marekebisho ya sheria yanayowapa hadhi maalumu watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nchi nyingine, na sheria ya ardhi imeguswa. Ni haki mtoto asifanywe mgeni nyumbani kwao. Lakini mwenye dola akitaka ekari mia mbili, atakayehamishwa ni nani? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 hairuhusu Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Viongozi walei wailewe sheria hiyo, na wasikubali mihutasari iliyoandikwa nyumbani kwa mwenyekiti.

Wageni wa Noeli hawako mbali. Tunaziomba kamati za Haki na Amani katika kila kigango zifungue daftari moja kwa kila ujenzi: upande mmoja fedha zilizotumwa, upande wa pili siku za kazi za wanakijiji, zikithaminiwa kwa ujira wa kibarua wa mahali pale. Daftari hilo lisomwe hadharani, wageni wakiwapo, kabla ya mchango mwingine kutangazwa.