Timu ndogo za amani Kivu: watu wanne, mzigo wa watu kumi

Kule Fizi, kila kiangazi ng'ombe wanateremuka toka milimani kutafuta majani. Wanapita kando ya mashamba ya mihogo na maharagwe. Wafugaji wanalipa itulo kwa wakubwa wa pale. Kama malipo hayakueleweka ao shamba limeliwa, fujo inaanza, na mara nyingine vijana wenye silaha wanaingilia. Kwa hiyo komite za wakulima na wafugaji zinapashwa kukutana mbele ya mwezi wa 6. Kukutana nyuma yake ni kuhesabu hasara tu.

Sasa, nani anatuma pesa ya pikipiki ya wajumbe hao? Mara nyingi ni ofisi ndogo ya mjini: mratibu, mhesabu na watu wawili wa terê, basi.

Mwaka 2025 uliwapiga mara mbili. Tarehe 20 Januari rais wa Marekani alisimamisha misaada ya inje kwa siku 90, na miradi mingi haikurudi tena. Tarehe 27 M23 iliingia Goma, kisha Bukavu katikati ya Februari. Benki zilifunga. Mutu wa Goma mwenye kazi Beni akaanza kuzungukia Uganda. Katika muda wa mwezi moja, mratibu anaweza kupoteza mfadhili, benki na barabara.

Pesa ikabakia kwa simu. Lakini kuitoa kunakula sehemu yake, na mfadhili bado anaomba fakitire yenye kashe. Mama anayekodisha viti kijijini atatoa wapi kashe? Waratibu wenye akili wanaomba mapema, kwa maandishi, kwamba karatasi yenye sahihi ya muuzaji na ya mashahidi wawili ikubaliwe. Na hata kama timu ni ya watu wanne, anayeshika pesa asiwe huyo huyo anayeidhinisha matumizi. Undugu ofisini umeua mashirika mengi kuliko vita, tuseme kweli.

Kuna jambo lingine ambalo ripoti haisemi sana: liste ya waliohudhuria. Majina, kijiji, namba ya simu, sahihi. Kwa mfadhili ni ushuhuda kwamba mkutano ulifanyika. Kwa mwenye bunduki kwenye barriere ni orodha ya watu wa kuulizwa. Mratibu anayetuma kijana terê na karatasi ile ndani ya sakoshi anamtia hatarini, yeye na wote walioandikwa. Namba za siri badala ya majina, na liste yenyewe ibakie pahali salama: hiyo haiombi bajeti.

Halafu, nani aende? Watu wanne hawawezi kutoka makabila yote ya Kivu. Mpatanishi akishuka kwenye pikipiki, watu wanasoma jina lake mbele ya kusikia neno lake. Kutuma wawili wa pande tofauti kunakula transpo mara mbili, na wafadhili wengi wanakata hapo kwanza. Ni kosa. Afazali mikutano mitatu yenye watu wawili wanaoaminiwa kuliko sita ambayo upande moja haukuja.

Na hao wanne nao wamekimbia, wana wageni nyumbani, mishahara imechelewa. Wengine wanaendelea kupiga simu kwa komite kwa unite zao wenyewe, sababu ng'ombe hawangoji mkataba usainiwe.