Njia ya panya si ya panya: Busia na Malaba zinahitaji waandishi wake

Ukitaka kujua watu fulani ni akina nani, usiwaulize. Sikiliza tu wanavyoviita vitu vyao.

Chukua mfano wa msosi. Upande wa Kenya pale Busia, chapati na maharagwe ni chapo madondo. Vuka geti uingie Busia ya Uganda, agiza sahani hiyohiyo, utaambiwa ni kikomando. Chakula ni kilekile, njaa ni ileile, lakini ng'ambo ya pili sahani imevaa gwanda za jeshi! Na chapati iliyoviringishwa na mayai, ambayo huku wengi tunaiita chapo mayai, wenzetu wameipa jina la rolex, ikawa ya kifahari kama saa ya Uswisi. Samaki naye? Shuka hadi Osieko kule ziwani, ambako Kijaluo na Kinyala vinasikika ufuo mmoja. Yule mdogo anayeanikwa juani ni omena. Uganda ni mukene. Mwanza ni dagaa.

Usicheke ukapita. Kila jina lina watu nyuma yake: wanachokula, wanachokiogopa, wanachokitania. Lugha ni kioo, na fasihi ni kioo hicho kikiwekwa mahali ambapo wengine pia wanaweza kujitazama. Swali langu kwako leo ni hili: kioo cha mpakani kinashikwa na nani?

Tuanze na neno ambalo sisi wenyewe tuliwapa watu. Bodaboda. Ukilisikia Nairobi, Kampala au Kigoma, kumbuka limetoka kwetu. Wengi wanajua kisa chake. Kati ya geti la Kenya na la Uganda palikuwa na masafa ya kuchosha mtu mwenye mzigo, na vijana wenye baiskeli wakaanza kubeba abiria na mizigo wakiita “boda, boda”, yaani kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Baiskeli ikawa pikipiki, neno likavuka nchi baada ya nchi. Hakuna profesa aliyekaa mezani kulibuni. Lilibuniwa na kijana aliyekuwa anatafuta unga, na leo limo katika magazeti, mabunge na sheria za Afrika Mashariki.

Sasa linganisha na maneno mawili mengine ambayo hufuata jina la Busia na Malaba kila zinapotajwa kwenye habari: magendo na njia za panya.

Magendo ni neno zito pande hizi. Baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya kahawa ilipanda sana duniani. Uganda wakati huo ilikuwa chini ya Idi Amin na uchumi wake ulikuwa umeporomoka. Kahawa ya Uganda ikawa inamiminika Kenya kupitia mpaka wa magharibi, na soko la Chepkube, kule Bungoma, likajulikana kote. Wapo waliotajirika, wapo waliofungwa, wapo waliopoteza maisha. Niambie, ni riwaya gani ya Kiswahili uliyosoma shuleni inayosimulia hayo? Hata jina moja haliji kichwani, si ndiyo? Kilichobaki kinywani mwa watu ni hilo neno moja, magendo. Na neno hilo ni la anayekamata. Anayevuka na debe la mahindi ili mtoto alipiwe karo hasemi “nimefanya magendo.” Anasema “nimetoka sokoni.”

Njia ya panya ndiyo mbaya zaidi. Hebu lifikirie neno lenyewe. Kama njia ni ya panya, anayeipita ni nani? Ni nyanya anayekwenda matanga ya dada yake upande wa pili. Ni mwanafunzi anayesoma nchi moja na kulala nchi nyingine. Mpaka huu haukuwakuta watu wamesimama pande mbili wakingoja kutenganishwa. Hadi mwaka 1902, sehemu kubwa ya eneo hili la magharibi mwa Kenya ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Wakoloni wakauhamisha kwa kalamu. Wateso wakajikuta Amukura na Tororo, Wasamia wakajikuta huku na kule, ukoo mmoja, bendera mbili. Kwa hiyo kile afisa anachokiita njia ya panya, mwenyeji anakijua kama njia ya kwa shangazi.

Sisemi sheria ya forodha ivunjwe. Wapo wanaopitisha bangi na dawa bandia, na hao wakamatwe. Ninachosema ni kwamba ukiacha maneno ya polisi na karani wa mahakama yawe ndiyo fasihi pekee ya nyumbani kwenu, usishangae mgeni akikuangalia kama mshukiwa. Siku moja hata wewe utajiangalia hivyo.

Ona pia Kiswahili chenyewe. Kwa Wakenya wengi ni lugha ya soko, ya matatu, ya kanisani. Kwa Waganda wengi wa umri mkubwa, hasa kule kusini, kilikuwa lugha ya mwanajeshi mwenye bunduki, na kumbukumbu hiyo haikufutika kirahisi. Ndiyo maana ilikuwa habari kubwa Julai 2022, baraza la mawaziri la Uganda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Lugha ni moja, historia ni mbili. Lakini pale Malaba, dereva wa lori la kwenda Congo, mama wa matoke na kijana wa kubadilisha pesa walishakubaliana zamani bila kungoja waraka wa serikali. Wanapatana bei kwa Kiswahili, wanachomeka “ssebo” na “nyabo” kwa heshima, Kiteso kinaingia, Kiluhya kinaingia, biashara inakwisha kila mtu akicheka.

Najua utakachoniambia. “Hicho si Kiswahili sanifu, hakiandikiki.” Nani kasema? Kiswahili kilipokea meza kutoka kwa Wareno, chapati kutoka kwa Wahindi, kitabu kutoka kwa Waarabu, na hakikufa. Msimulizi wako anaweza kusimulia kwa sanifu safi huku wahusika wakiongea wanavyoongea sokoni. Okot p'Bitek alitunga Wer pa Lawino kwa Kiacholi kwanza. Tafsiri yake ya Kiingereza, aliyoifanya mwenyewe, ikachapishwa Nairobi mwaka 1966, na leo inasomwa duniani kote. Hakuanza kwa kujificha kwamba ni Mwacholi.

Na kama ulifanya KCSE miaka ile ya Kidagaa Kimemwozea, riwaya ya marehemu Ken Walibora, tazama tena jina lake. Ni msemo uliozaliwa na watu wanaoishi na dagaa, wanaojua harufu yake akianza kuharibika. Nasi tulio karibu na ziwa tuna omena wetu, na hakika wavuvi wa Osieko wana misemo yao kumhusu. Iko wapi? Iko kwenye vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka.

Hapo ndipo kuna hasara ya kweli. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za watu wa Kenya. Mtaala nao unaruhusu watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Ni vizuri. Lakini mwalimu atafundisha Kiteso au Kisamia kwa kitabu gani kama hakuna anayeandika? Serikali haiwezi kukukumbukia nyanya yako.

Utasema tena, “Uandishi haulipi.” Mara nyingi ni kweli, na wachapishaji wengi huangalia kwanza kama kitabu kitaingia shuleni. Lakini simu unayosomea makala hii ina kinasa sauti. Mkalishe mzee mmoja, mwombe ruhusa, mrekodi dakika kumi: hadithi, kitendawili, jina la mahali na kisa chake. Kama uko kwenye klabu ya drama, acheni kuigiza Nairobi ambayo hamjaiishi, andikeni mchezo wa geti la Malaba saa kumi alfajiri, malori yamepanga foleni hadi upeo wa macho. Kama wewe ni mtu wa bodaboda, andika maneno ya stejini kwenu, na maana zake, kwenye daftari la mia. Ndivyo kamusi huanza.

Kidagaa kilishafika hadi kwenye karatasi ya mtihani. Omena naye anangoja mwandishi wake, na bei ya kalamu unaijua.