Wanaokula kwa foleni ya mpakani waitazame Wallangarra

Mama lishe, wenye gesti na wabadilisha fedha wanaohofia kwisha kwa foleni za malori mpakani wana jambo la kutazama mbali kidogo, katika nyanda za juu za jimbo la Queensland, Australia.

Msafiri anayetoka Brisbane, jiji la joto karibu na pwani, huendesha gari karibu saa tatu hadi Stanthorpe. Jimbo ni lile lile, hewa siyo. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 800 hivi. Usiku wa Julai maji huganda, na kuna miaka theluji huanguka. Baridi hiyo ndiyo iliyowapa wakulima matufaha na zabibu za mvinyo.

Ukanda huo huitwa Granite Belt kwa sababu ya majabali yake. Mashamba mengi ni madogo, ya familia, nyingine zenye asili ya Italia. Badala ya kumsubiri dalali, humfungulia msafiri mlango. Anaegesha gari, anaonjeshwa kidogo kidogo, anamhoji aliyeutengeneza mvinyo, anaondoka na chupa kwenye buti. (Asiyekunywa hakosi tufaha na jibini.) Ipo hata njia ya wageni iitwayo Strange Bird, inayopita kwa wenye aina za zabibu ambazo kila moja haizidi asilimia 1 ya mizabibu ya Australia. Ni ujanja mzuri. Mkulima mdogo hawezi kushindana kwa wingi, basi anauza kile ambacho mgeni hatakikuta kwa urahisi kwingine.

Chini ya kilomita 50 kusini, mpakani na New South Wales, iko Wallangarra. Mwaka 1888 reli mbili zilikutana hapo: ya Queensland yenye upana wa milimita 1,067 na ya jirani yenye 1,435. Treni haikuweza kuvuka. Abiria walishuka upande mmoja wa stesheni wakapandia upande wa pili, na mizigo ikahamishwa. Wanaoijua Kidatu, ambako reli ya TAZARA hukutana na ile ya upana wa mita moja, hawahitaji maelezo. Makoloni yalipoungana mwaka 1901 ushuru kati yao ulifutwa, lakini makuli wa Wallangarra waliendelea na kazi, kwa kuwa reli zilibaki vile vile. Kisha mwaka 1930 reli ya upana mmoja ikafika Brisbane kutoka Sydney kwa njia nyingine, na mzigo ukahamia huko. Stesheni ingalipo, watalii huipiga picha. Treni kutoka kusini haiji tena.

Busia na Namanga zilipata vituo vya pamoja vya forodha mwaka 2018, Tunduma mwaka 2019, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Mwenye mzigo anafurahi, na ana haki. Lakini anayeuza wali kwa dereva aliyelala siku mbili mpakani ameambiwa kwamba utangamano utamnufaisha naye, na hilo si kweli hivi hivi tu. Kupunguza kusubiri ni kupunguza mauzo yake. Wanaokata utepe walipaswa kumwambia hivyo waziwazi.

Kuitetea foleni, kama wengine wanavyofanya chini chini, hakutamsaidia. Kinachofaa kudaiwa kwa halmashauri ni eneo la biashara kando ya barabara, lenye maegesho, maji na choo, ambapo bidhaa ya wilaya inaonjwa na kununuliwa na mtu asiyekwama, aliyesimama kwa hiari yake. Mbozi, jirani na Tunduma, inalima kahawa nzuri. Msafiri wa Lusaka akitaka kikombe cha kahawa hiyo, na kilo moja ya kwenda nayo nyumbani, aelekezwe wapi?