Mashine Anaisikia, Mke Je?

Juzi nilikuwa napekua kitabu cha picha za zamani, moja ikanigandisha. Ni Thomas Edison, yule mvumbuzi wa Marekani, alfajiri ya Juni 16, 1888, kwenye maabara yake huko West Orange, New Jersey. Nywele timutimu, kichwa kakiegemeza kwenye mkono, na kando yake ipo fonografu, mashine ya kunasa sauti kwenye silinda ya nta. Inasimuliwa kwamba alikuwa amekesha saa 72 akiiboresha.

Nilipoiona tu nikasema, “Mwanaume wa kazi huyo!” Halafu nikapiga hesabu. Mkewe, Mina, alijifungua mtoto wao wa kwanza, Madeleine, Mei 31 mwaka huohuo. Yaani nyumbani kulikuwa na kichanga cha siku 16!

Na usidhani hawakupendana, jamani. Edison alikuwa hasikii vizuri tangu utotoni. Akamfundisha Mina alama za Morse, zile za kupelekea telegramu, na mwenyewe alisimulia kwamba alimposa kwa kumgongagonga kiganjani. Mina naye akagonga: ndiyo. Wakaoana Februari 1886.

Sasa nicheke nani? Mwanetu wa kwanza alipokuwa na wiki moja, mimi nilikuwa nafunga hesabu za mwaka za ofisi. Usiku mmoja nimeinamia kompyuta sebuleni, mke wangu akaja akasimama mlangoni.

“Baba Neema, kitovu cha mtoto kimedondoka.”

“Poa,” nikajibu, macho kwenye tarakimu.

Hakugomba, akarudi chumbani. Hesabu zile nilizimaliza kwa wakati na bosi akanisifu, lakini leo sikumbuki hata jumla yake. Ile “poa” naikumbuka, na mama Neema anaikumbuka zaidi yangu. Masikio yangu mazima kabisa, lakini usiku ule yule asiyesikia vizuri nilikuwa mimi.

Sikwambii uache kazi, kodi ya nyumba hailipwi kwa mahaba. Ila mwenzio akisimama mlangoni, inua macho. Ukishindwa kuongea kwa uchovu, shika kiganja chake ugonge mara mbili. Ataelewa.

Tukutane mwezi ujao.