Sheria Hufika Mlangoni, Maigizo Huingia Ndani

Katika ofisi nyingi hapa nchini, mtumishi anayehamishwa kutoka Mtwara kwenda Bukoba hupokewa kwa moyo mkunjufu. Wenzake humtafutia nyumba, humkaribisha chakula, humwalika arusini na kuketi naye matangani. Hakuna anayemwuliza kabila lake kwa nia mbaya. Lakini siku atakapotuma wazee kupeleka posa katika nyumba ile ile alimozoea kula, maswali huanza. Ni kabila gani? Ni dini gani? Ukoo wao una historia gani? Yule aliyekuwa ndugu na rafiki hugeuka ghafla kuwa mtu asiyejulikana alikotoka.

Ubaguzi wa namna hii hausemwi katika mikutano ya hadhara wala hauandikwi katika majalada ya ofisi. Makao yake ni sebuleni, jikoni na chumbani, mahali ambapo watu husema yale wanayoyaamini hasa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai ridhaa ya hiari ya wale wanaooana, na imewafungulia watu wa dini mbalimbali njia ya kufunga ndoa ya kiserikali. Hiyo ni hatua kubwa isiyofaa kubezwa. Hata hivyo, sheria hufika mlangoni ikasimama. Haiwezi kumlazimisha mama amwite mkwewe mwanangu, wala haiwezi kumzuia mume kumtukania mkewe kabila lake siku chumvi ilipozidi katika mchuzi. Kazi hiyo yahitaji vyombo vingine, na miongoni mwao, hapana shaka, maigizo yana nafasi ya pekee.

Swali linalozuka ni hili: mchezo wa kuigiza una uwezo gani ambao hotuba haina? Hotuba humwambia msikilizaji kwamba ubaguzi ni mbaya, naye hukubali upesi, kwa sababu kila msikilizaji huamini kwamba mbaguzi ni jirani yake. Mchezo hufuata njia nyingine. Humpa mtazamaji wapenzi wawili wa kuwapenda, kisha humwonyesha taratibu jinsi wanavyoangamizwa na maneno ambayo yeye mwenyewe aliyasema juzi nyumbani kwake. Anapokuja kutambua kwamba maneno hayo ni yake, amekwisha kuwalilia walioumizwa nayo.

Mfano mkubwa wa jambo hili ni mchezo wa Othello wa William Shakespeare, ambao kumbukumbu zinaonyesha kuwa uliigizwa mbele ya Mfalme wa Uingereza mwaka 1604. Othello ni mtu mweusi wa asili ya Afrika, jemadari wa jeshi la Venisi. Desdemona ni binti mzungu wa mjumbe wa baraza la nchi hiyo. Wanapendana na kuoana kwa siri. Mchezo unaishia kwa mume kumwua mkewe asiye na kosa, kisha kujiua mwenyewe. Wengi husema kwamba hiyo ni hadithi ya wivu. Ni kweli, lakini wivu huo ulikuwa na mbolea yake, na mbolea hiyo ni ubaguzi. Mtazamaji makini ataona ubaguzi huo ukiingia katika ndoa ile kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni baba. Brabantio, baba yake Desdemona, alimpenda Othello akiwa mgeni. Alimkaribisha nyumbani mara kwa mara na kumtaka asimulie vita alivyopigana na safari alizosafiri. Alipopata habari kwamba mgeni huyo amemwoa binti yake, hakuweza kuamini kwamba msichana mwenye akili timamu angempenda mtu kama yule. Akadai kwamba binti yake amerogwa. Hapa mtazamaji wa Dar es Salaam au wa Dodoma hana haja ya kuelezwa zaidi. Wazee wangapi wamewahi kusema kwamba kijana wao kalishwa dawa, kwa kuwa tu amechagua mchumba wa upande wasioutaka?

Mlango wa pili ni sifa. Mtawala wa Venisi alihitaji jemadari wa kukabiliana na Waturuki huko Kupro, kwa hiyo aliihalalisha ndoa ile. Ili kumtuliza Brabantio, alimwambia kwamba kwa wema wake mkwe huyo ni mweupe kuliko alivyo mweusi. Yaonekana kuwa maneno mazuri, kumbe yana sumu. Maana yake ni kwamba wema ni mali ya weupe, na mtu mweusi akiwa mwema huhesabiwa kuwa ameazima. Lugha hiyo ingali hai. Mke huambiwa na mumewe, kwa nia ya kumsifu, kwamba yeye si kama watu wa kwao. Naye hucheka, huku akijua moyoni kwamba siku atakapokosea atarudishwa mara moja kuwa mmoja wa watu wa kwao.

Mlango wa tatu ndio mbaya kuliko yote, nao ni moyo wa mwenye kubaguliwa. Iago, ofisa mwenye kinyongo, hamletei Othello ushahidi wa maana. Humkumbusha tu kwamba Desdemona alikataa wachumba wa nchi yake, wa rangi yake na wa daraja lake, kisha humwachia swali: mwanamke wa namna hiyo aweza kweli kudumu na mtu kama yeye? Jemadari yule, ambaye hakutishwa na mizinga, alianguka kwa swali hilo. Akaanza kujiuliza kama mkewe amemchoka kwa sababu ya weusi wake. Tangu hapo leso iliyopotea ilitosha kuwa ushahidi. Waafrika wanalo jina la ugonjwa huo: kasumba. Aliyelishwa kasumba hupendwa akashindwa kuamini kwamba anapendeka, na hatimaye humwadhibu yule anayempenda.

Kwa sababu mchezo huu hugusa jambo hilo, umewahi kuleta mtafaruku kila ulipoigizwa na mtu mweusi mwenyewe, badala ya mzungu aliyejipaka masizi. Mwaka 1833, Ira Aldridge, Mmarekani mweusi, aliigiza Othello katika jumba mashuhuri la Covent Garden mjini London, Desdemona akiwa Ellen Tree. Baadhi ya magazeti yalichukizwa kwamba mwanamke mzungu ameshikwa na mikono myeusi mbele ya umma, na baada ya maonyesho mawili tu Aldridge hakuendelea jukwaani pale. Paul Robeson alicheza nafasi hiyo mjini London mwaka 1930, kisha mjini New York kuanzia mwaka 1943, ambako mchezo ulionyeshwa mara 296, idadi ambayo mchezo wa Shakespeare ulikuwa haujafikia katika majumba ya Broadway. Wakati huo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa bado yanakataza ndoa kati ya weupe na weusi, na Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha sheria hizo mwaka 1967. Jukwaa, basi, lilitangulia mahakama kwa zaidi ya miaka 20.

Afrika Kusini ilikuwa na mambo mazito zaidi. Sheria ya mwaka 1927 ilikwisha kuharamisha mapenzi ya nje ya ndoa kati ya wazungu na Waafrika. Makaburu walipotwaa serikali, waliharamisha ndoa za mchanganyiko mwaka 1949, na mwaka 1950 wakaipanua ile sheria ya kwanza iwahusu watu wote wasio weupe. Mwaka 1972 mjini Cape Town, mwandishi Athol Fugard alionyesha mchezo uliochukua jina lake kutoka katika sheria hiyo. Wahusika wake ni mkutubi wa kizungu na mwalimu mkuu wa shule ambaye serikali ilimwandikisha kuwa chotara. Hukutana usiku katika chumba cha maktaba, mpaka polisi wanapowavamia. Lakini ukali wa mchezo huo hauko kwa polisi peke yao. Kabla ya mlango kuvunjwa, hofu imekwisha kuketi kati ya wapenzi wale wawili.

Sheria hizo zilifutwa mwaka 1985. Miaka miwili baadaye, katika jumba la maigizo la Market mjini Johannesburg, Janet Suzman aliongoza Othello, John Kani akiwa jemadari na Joanna Weinberg akiwa Desdemona. Nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari, na sheria iliyowagawia watu makazi kwa rangi ilikuwa ingali na nguvu, kwani haikufutwa mpaka mwaka 1991. Mwafrika na mzungu walikumbatiana na kubusiana jukwaani, na wapo watazamaji weupe walioinuka wakatoka. Tukio hilo lina fundisho kubwa. Kisheria busu lile halikuwa tena kosa. Kilichowatoa watu vitini ni sheria nyingine, ile iliyobaki vifuani mwao, ambayo Bunge lolote haliwezi kuifuta kwa kura. Waliobaki hadi mwisho walilazimika kumtambua Iago, kwa kuwa lugha yake waliisikia kila siku mitaani.

Wapo watakaosema kwamba maigizo ni burudani tu, na kwamba Afrika Kusini ilikombolewa kwa mapambano yaliyofikia uchaguzi wa mwaka 1994, wala si kwa busu la jukwaani. Hoja hiyo ina ukweli. Wengine watakumbusha kwamba maigizo yaweza pia kueneza ubaguzi, na hilo nalo ni kweli. Vichekesho vinavyoiga lafudhi ya kabila fulani, au vinavyomfanya mke wa kabila jingine awe mchoyo, mchawi au mpenda fedha, huwachekesha watu huku vikiwapandia mbegu mbaya. Lakini hoja hiyo ya pili yathibitisha nguvu ya maigizo badala ya kuikanusha. Chombo chenye uwezo wa kujeruhi kiasi hicho hakifai kuachwa bila mwelekeo.

Hapa ndipo wajibu wa walimu unapoonekana. Mwalimu anayefundisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969, huzungumza sana juu ya Shylock na ratili yake ya nyama. Ni mara chache kusimama kwa mwana wa mfalme wa Moroko, anayekuja kumposa Portia na kumsihi kwanza asimchukie kwa rangi yake. Anapochagua kasha la dhahabu na kushindwa, Portia hufurahi, na huomba wote wenye rangi ile washindwe vivyo hivyo. Portia ndiye shujaa wa mchezo, mwenye busara na huruma mahakamani. Wanafunzi na waulizwe: yawezekanaje mtu mwema akawa na neno kama hilo? Na Jessica, binti wa Shylock, aliyeacha dini na watu wake ili aolewe na Lorenzo, je, alipendwa yeye, au alipendwa kwa sharti la kuacha kuwa yeye? Maswali haya yana thamani kubwa kuliko kukariri majina ya wahusika. Mchezo wa Wakati Ukuta wa Ebrahim Hussein, wenye mapenzi ya vijana yanayogongana na mawazo ya wazee, nao wafaa kusomwa kwa namna hiyo.

Njia ya kufanya hivyo si ngeni hapa nchini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Wanakijiji wenyewe walitaja matatizo yao, likiwamo la mimba za wasichana, wakayaigiza na kuyajadili hadharani. Shule na vyama vya wafanyakazi vyaweza kufanya hivyo kwa gharama ndogo. Igizo lionyeshe posa inayokataliwa, lisimamishwe pale baba anapotamka sababu, kisha kijana wa kabila linalotukanwa apewe nafasi ya baba, na mzee apewe nafasi ya mchumba. Mtu aliyewahi kusimama hata kwa dakika 5 mahali pa anayekataliwa, akayasikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, hawezi kuyatamka tena kwa wepesi ule ule.

Watumishi wa umma nao wasijitoe katika jambo hili. Wao ndio wanaohama zaidi kuliko watu wengine, na watoto wao ndio wanaokua mbali na vijiji vya mababu, wakipata marafiki na wachumba bila kuuliza majina ya koo. Mzazi anayemhudumia kila mwananchi kwa haki mezani pake ofisini, kisha akamfukuza mchumba wa binti yake kwa sababu ya kabila, ajue kwamba Brabantio naye alikuwa mtumishi wa nchi mwenye heshima, na meza yake ilikuwa na wageni wengi. Kilichompoteza binti yake hakikuwa uchawi. Basi wazee watakapobisha hodi na barua ya posa, jambo la kwanza la kumwuliza binti liwe lile ambalo Brabantio alichelewa kuliuliza: je, unampenda?