Mteremko Ndio Unaochagua Gari la Farasi

Safu ya Mizigo na Barabara
Na Salim Mwandawiro

Nchini Kenya farasi hawakuenea kama ng'ombe walivyoenea, na sababu kubwa ni maradhi. Nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu unaosambazwa na mbung'o, pamoja na ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao ni wa virusi na huenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu, hushamiri zaidi katika maeneo ya chini yenye joto na unyevu, na kwa hiyo ufugaji wa farasi ulijikita nyanda za juu: Karen na Ngong kandokando ya Nairobi, Limuru, Naivasha, Gilgil, Molo, na Nanyuki hadi Timau. Jambo hili la kale la uganga wa mifugo lina tokeo moja ambalo halitajwi katika yadi za magari, ingawa lingepaswa kuwa swali la kwanza la familia inayotafuta gari la mtumba litakalopeleka watoto shule siku za kazi na kuvuta trela la farasi mwisho wa wiki. Tokeo hilo ni kwamba sehemu kubwa ya safari za farasi nchini humo ni za kupanda na kushuka. Anayetoka Nairobi kwenda Gilgil, kwa mfano, hana budi kuuteremka ukingo wa Bonde la Ufa, ama kwa barabara ya zamani ya Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ama kwa ile ya juu inayopita Kinungi.

Hata hivyo, mazungumzo ya wanunuzi karibu yote huhusu kupanda. Huulizwa injini ni ya lita ngapi, ni ya dizeli au petroli, ina tabo au haina, na anayejibiwa vizuri huridhika akatoa pesa. Maswali hayo si ya kipuuzi, kwa kuwa hewa hupungua kadiri mtu anavyopanda, na injini isiyo na tabo, yaani ile inayovuta hewa yenyewe bila pampu ya kuisukumia ndani, hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Ikifika Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, imekwisha kupoteza sehemu kubwa ya kile ambacho mwenye gari alidhani ni akiba yake ya kupandia milima, maana karibu khumusi ya nguvu yote haipo tena. Lakini gari lililoshindwa kupanda hupunguza mwendo, hukasirisha walio nyuma yake, na mambo huishia hapo. Gari lililoshindwa kujizuia kwenye mteremko, huku likisukumwa na tani mbili za chuma na wanyama, halina pa kuishia pazuri. Ndiyo maana hoja ya safu hii ni kwamba gari la kuvuta farasi lichaguliwe kwanza kwa uzito wake, breki zake na uimara wa mkia wake, na injini ifuate baadaye.

Hesabu ya uzito ni nyepesi, na inashangaza kwamba wachache huifanya. Trela la kawaida la farasi wawili, likiwa tupu, huwa na kilo 900 hadi 1,000. Farasi wa mbio au wa polo ana kilo 450 hadi 550. Kwa kuchukua trela la kilo 950, farasi wawili wa kilo 500 kila mmoja, na kilo 100 za matandiko, majani makavu na maji, jumla inafika kilo 2,050, ambazo ni karibu sawa na uzito wa Toyota Land Cruiser Prado yenye injini ya petroli ya lita 2.7 ikiwa haina abiria. Nchini Uingereza wavutaji wa nyumba za magurudumu hushauriwa kwamba trela lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari linalolivuta, hasa kama dereva bado ni mgeni wa kazi hiyo. Ushauri huo si sheria, lakini umejengwa juu ya kanuni ya wazi ya mwendo, kwamba kizito ndicho kinachokiamuru chepesi pindi vinapogombana. Kwa kipimo hicho Prado ya kilo 2,100 inastahili trela lisilozidi kilo 1,785, maana yake ni farasi mmoja, ilhali Land Cruiser 200, yenye takriban kilo 2,600, inaweza kuwachukua wote wawili na kubakiza nafasi kidogo. Ikumbukwe pia kwamba nyumba ya magurudumu haina miguu. Farasi ni mzigo ulio hai, ambao kitovu cha uzito wake kiko juu, unaoegemea upande kwenye kona, unaorudi nyuma gari linapoondoka na kutanua miguu breki zinapokamatwa, na kwa hiyo asilimia zinazomfaa mwenye nyumba ya magurudumu zingefaa zipunguzwe kwa mwenye farasi.

Sehemu ya uzito huo haikai juu ya magurudumu ya trela bali hulala juu ya kitufe cha chuma kilicho nyuma ya gari, na huitwa uzito wa pua. Kwa matrela ya mtindo wa Ulaya, ambayo ndiyo mengi Kenya, hutakiwa uwe kati ya asilimia 5 na 7 ya uzito wote wa trela, yaani kati ya kilo 100 na 145 kwa trela la mfano huu. Ukiwa mdogo mno, trela huanza kuyumba kushoto na kulia na kuchezesha mkia wa gari. Ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari hubonyea, magurudumu ya mbele hupungukiwa na mkandamizo, na usukani unakuwa mwepesi mahali ambapo wepesi hautakiwi. Familia husahau kwamba uzito huu unahesabiwa kama shehena ya gari, kwa hiyo watoto walioketi viti vya safu ya tatu na mabegi yaliyorundikwa nyuma yao vinagombea kilo zilezile na pua ya trela.

Kuhusu breki, matrela hayo kwa kawaida yana breki za msukumo, ambazo hazina waya wala bomba la mafuta kutoka kwenye gari. Gari linapopunguza mwendo, trela hulisukuma, shingo yake hurudi ndani, na mwendo huo mdogo huvuta kebo zinazokaza breki kwenye magurudumu. Mfumo huu ni wa werevu na wa bei nafuu, na kwenye barabara tambarare haudai chochote kwa dereva. Mteremko mrefu ndio unaoufichua, kwa sababu trela hulisukuma gari wakati wote wa kushuka, breki zake hubaki zimegusa bila kuachia, ngoma zake hupata moto, na kadiri zinavyopata moto ndivyo zinavyoshika kidogo, hadi kazi yote inaiangukia breki ya gari, ambayo nayo imekwisha kuchoka. Dawa inayojulikana na madereva wa malori ni kuingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, kuiacha injini izuie, kisha kukanyaga breki kwa nguvu kwa muda mfupi na kuiachia ipoe, badala ya kuilalia. Hapa injini ya petroli, inayodharauliwa sana yadini, hujikomboa kidogo, kwa kuwa kwa kawaida huzuia vizuri zaidi dereva akiondoa mguu kwenye mafuta kuliko dizeli isiyo na kifaa cha kuzibia moshi. Hiyo haina maana kwamba dizeli ni mbaya, kwani injini ya lita 2.8 iliyoingizwa kwenye Prado za soko la Japani mwaka 2015 ina nguvu ya mzunguko ya nyutoni-mita 450 dhidi ya 246 za petroli ya lita 2.7, na tabo yake hufidia hewa haba ya Limuru. Ni kwamba kila moja ina upande wake wa mlima.

Ugumu halisi wa mnunuzi wa Kenya unatokana na asili ya magari yenyewe. Magari mengi ya mtumba huagizwa Japani, yakiwa na umri usiozidi miaka 8 kwa mujibu wa masharti ya uagizaji, na huko kuvuta trela kwa gari la familia si desturi iliyoenea. Gari lililotengenezwa kwa soko la Ulaya lina bamba lenye namba nne, zikiwemo uzito wa juu wa gari lenyewe na uzito wa juu wa gari na trela kwa pamoja, na mnunuzi akitoa ile ndogo kwenye ile kubwa anapata kiasi cha trela kinachoruhusiwa. Bamba la gari la soko la Japani huonyesha modeli, namba ya chasisi, injini na rangi, na kuhusu trela liko kimya. Muuzaji huujaza ukimya huo kwa namba aliyoitoa kwenye broshua ya nchi nyingine, jambo ambalo lina hatari yake, kwa maana mtengenezaji mmoja hutoa namba tofauti kwa gari linaloonekana lilelile. Prado 150 ya dizeli ya lita 3.0 iliruhusiwa kuvuta kilo 3,000 barani Ulaya na kilo 2,500 nchini Australia. Mwenye busara huchukua namba ndogo.

Kwa kipimo cha safu hii, magari marefu yaliyojengwa juu ya chasisi ya ngazi, yaani fremu ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kwa vipande vya kati, ndiyo ya kutazamwa kwanza. Land Cruiser 200, yenye kiwango cha kilo 3,500, inaongoza kwa mbali, na bei yake inalijua hilo. Hilux ya kabini mbili ina umbali wa milimita 3,085 kati ya ekseli, dhidi ya 2,790 za Prado, na urefu huo huisaidia kutulia trela linapotaka kuyumba, ingawa springi zake za majani huwarusharusha abiria wa nyuma gari likiwa tupu. Mitsubishi Pajero haina chasisi ya kujitegemea tangu mwaka 1999, bodi na fremu vikiwa kitu kimoja, na bado iliruhusiwa kilo 3,000 nchini Australia, kwa hiyo suala la chasisi lisigeuzwe kuwa dini. Subaru Forester na Nissan X-Trail, magari mazuri ya familia kwa kila kipimo kingine, yaachwe: viwango vyake vingi viko kati ya kilo 1,500 na 2,000, na giaboksi ya CVT, inayotumia mkanda au mnyororo wa chuma na puli mbili badala ya gia, haipendi joto la kazi ya aina hiyo.

Gari likipatikana, ukaguzi uanzie nyuma na chini, si mbele chini ya boneti palipooshwa na kupakwa mafuta yang'ae. Mafuta ya giaboksi ya otomatiki yaliyogeuka kuwa ya kahawia nzito na kunuka kuungua yanasimulia mizigo ambayo muuzaji hakuitaja. Kutu iliyoshika maungio ya chasisi huenda imetokana na chumvi inayomwagwa barabarani katika mikoa ya theluji ya Japani, na rangi mpya nyeusi iliyopakwa chini ya gari ni sababu ya kuchukua bisibisi na kugonga. Tairi zisomwe: namba 112 iliyo kando ya kipimo cha tairi inamaanisha kilo 1,120 kwa tairi moja, namba 100 inamaanisha kilo 800, na tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT, mathalani 2319, zinasema tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019, hata kama kashata zake bado ni ndefu. Kuhusu chuma cha kukokotea, mafundi wa jua kali wanaweza kukichonga vizuri sana, na wengi hufanya hivyo, mradi kifungwe kwa bolti kwenye matundu ya chasisi yaliyowekwa na mtengenezaji. Kilichochomelewa kwenye bampa au kwenye bati la sakafu kiondolewe kabla ya bei kujadiliwa. Trela nalo lina usajili wake na namba yake inayoanza kwa herufi Z, na sera ya bima ya gari isomwe kifungu kwa kifungu, kwa kuwa bima ya gari la familia si lazima ihusu kinachovutwa, wala farasi aliyemo ndani.

Inabaki familia yenye farasi wawili, Prado moja, na mashindano matatu au manne kwa mwaka. Ushauri unaotolewa hapa hautawafurahisha wenye yadi: inunue gari inayolihitaji siku mia tatu za mwaka, na farasi wakodiwe lori, ambalo lina breki za uzito wake na dereva anayeujua mteremko. Familia ikiamua kumpeleka farasi mmoja kwa trela la wawili, afungwe upande wa kulia, nyuma ya dereva, kwa kuwa magari ya Kenya hupita kushoto na barabara huinamia kushoto kuelekea mtaroni, na uzito wa mnyama ukiwa upande huo wa chini, trela zima litataka kwenda huko.